Aliyeambiwa Afungue Geti: Maisha ya Ezekieli Olatubosun Fagbamila

Wasifu huu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza uliletwa nyumbani ukiwa umeshachapwa kwenye karatasi ya kung'aa, kwa hisani ya mdogo wa marehemu, Chifu Gbenro. Ulisema marehemu "aliitwa ghafla na Mola wake akiwa kanisani." Mjane akausoma, akauchana. "Aliitwa? Aliitwa na nani? Mimi si nilikuwepo!" Huu mnaousikia ni wa pili, na anayeusoma ni binti yake wa kwanza, Titilope. Mjini hapa Ilemowu inasemwa kwamba Ezekieli Fagbamila ndiye aliyewafungulia wauaji. Hatukubali azikwe na jina hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika kijiji cha Abule-Oko, kwenye mashamba ya kakao ya baba yake, Mzee Yosua Fagbamila. Walizaliwa wawili tu, yeye na Gbenro, wakipishana miaka sita.

Alisoma shule ya msingi ya Mtakatifu Barnaba kuanzia 1957 hadi 1963, kisha sekondari, akiwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Mwaka 1966 baba yao alifariki. Mmoja ilibidi arudi shambani. Marehemu alirudi, Gbenro akaendelea mpaka chuo kikuu. Hakuwahi kumsimanga mdogo wake kwa hilo, hata siku moja. Tunalisema leo kwa sababu yeye hakulisema.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa kakao, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006. Alizipasua punje kwa kisu, moja moja, akitafuta ukungu, na mzigo mbovu haukupita hata uwe wa nani. Wiki moja kabla ya harusi yake, baba mkwe alileta magunia sita. Marehemu alilala kifudifudi kumwamkia, kama inavyompasa kijana wa kwetu, akainuka, akapasua punje, akayakataa magunia mawili. Mzee akafoka, "Kumbe ni wewe unayemtaka binti yangu?"

"Binti namtaka, baba. Kakao hii hapana."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Ndoa ilifungwa tarehe 22 Desemba 1979, na Morenike, ambaye sasa ni mjane, anasema aliolewa na kisu cha ukaguzi. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Tangu 2008 aliwaongoza wahudumu wa mlangoni katika kanisa letu hili la Mtakatifu Barnaba. Miaka miwili iliyopita, makanisa ya wilaya jirani yaliposhambuliwa, baraza la kanisa lilimkabidhi ufunguo wa geti na kuagiza kila mtu apekuliwe. Alimpekua kila mtu kweli. Askofu mwenyewe alipapaswa mifuko, akauliza, "Haya, Baba Titilope, umenikuta na nini?"

"Peremende, Baba Askofu. Pita nazo."

Marehemu hakuugua. Alikuwa na presha kidogo na goti lililomsumbua wakati wa mvua, basi. Angeweza kuishi miaka ishirini zaidi.

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2019 ilikuwa siku ya shukrani ya Gbenro kwa kupewa uchifu. Jamaa zake walikuja na ngoma, wote wameshona kitambaa kimoja cha kijani, ambacho yeye mwenyewe aliwagawia kutoka nyumbani kwake. Kwetu aliyevaa kitambaa cha mwenye shughuli ni mtu wa ndani, na kumpekua ni kumtukana mwenye shughuli. Marehemu alilijua hilo, na bado aliwapanga mstari, akapekua mmoja mmoja. Ngoma ikakwama barabarani. Gbenro akaja getini, jasho linamtoka.

"Kaka, unawapapasa wageni wangu kama vibaka?"

"Nampapasa kila mtu, Gbenro. Hata wewe njoo."

"Mbele ya watu wote hawa? Waliovaa nguo yangu ni watu wangu, nawajua wote. Fungua geti, kaka! Niheshimu leo tu, mara moja katika maisha yangu!"

Marehemu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alifungua. Hatufichi: alifungua. Alimwamini mdogo wake.

Katika waliopita walikuwamo wanaume wanne waliovaa majoho ya kitambaa kile kile. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Marehemu alipoona mtutu ukichungulia chini ya joho alipiga kelele, "Laleni chini!" akamkumbatia mwenye bunduki. Risasi za kwanza ziliishia mwilini mwake. Waliomsikia wakalala, wengi wako hai na wamekaa hapa. Watu kumi na mmoja hawakuwahi.

Siku tatu baadaye Gbenro alisimama mbele ya baraza la kanisa akasema, "Kaka alikuwa amezeeka. Alifungua kwa hiari yake. Mimi nilikuwa nacheza ngoma, sikuongea naye." Baraza likaandika hivyo hivyo. Wale wanne walipataje kitambaa kisichouzwa dukani, hakuulizwa. Mjane alikuwa hatua tatu kutoka getini. Waliosikia ni wengi, na wote wamegeuka viziwi. Loo, inauma! Wauaji hatukuwajua. Huyu tulikula naye sahani moja.

Marehemu ameacha mjane, Morenike. Watoto Titilope, Oluseyi na Bamidele. Na wajukuu watano. Ameacha pia mdogo wake, Chifu Gbenro Fagbamila, aliyekaa kiti cha mbele. Tulishauriwa tusimtaje, lakini damu haifutiki kwa kalamu.

Kwa desturi yetu mdogo ndiye hutangulia kutia udongo kaburini. Chifu, njoo utie. Ila kwanza geuka uwatazame wafiwa wa wale kumi na mmoja, uwaambie ulimwambia nini kaka yako pale getini. Wachimbaji wameambiwa waweke sepetu chini, na hakuna atakayeishika kabla hujasema. Baba yetu hana haraka. Amani yake iko mdomoni mwako, nasi tumesimama hapa tunakungoja.