Kopo Lililogonga Chini ya Gari

Gari lao lilipoanza kugonga chini kama debe la mawe, fundi alisema injini imekufa. Kalunde alipanda basi la Emali kumfuata mumewe, aliyekwenda huko kuliuza gari hilo.

Mbele yake wanaume wawili walikuwa wakibishana. "Katalitiki ni kopo la chuma kwa ekzosi, hilo bomba la moshi, kati ya injini na sailensa," alisema mwenye kofia. "Ndani kuna kauri yenye vitundu kama sega la nyuki, imepakwa madini ya kusafisha moshi. Ikivunjika, vipande vinagonga." Mwenzake akasema, "Hiyo ikivunjika ni kuitoa tu!" "Aa, ni kubadilisha!" akajibu mwenye kofia.

Kalunde akadakia, "Letu linagonga hivyo, lakini linavuta vizuri." Wote wakageuka. "Basi kinachogonga ni hilo kopo, injini ni nzima, mama," akasema mwenye kofia.

Kalunde alishusha pumzi, akacheka peke yake. Basi liliposimama, mumewe alikuwa bado ameliegemea gari, akisubiri mnunuzi. Kalunde alishuka mbio, akiwaacha wale wawili hawajakubaliana.