Jiwe Alilolisimamisha Dobi

Mheshimiwa Waziri, Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Michezo ya Barafu pamoja na wajumbe wa kamati yako, wazazi wetu mlioketi huku mbele, wachezaji wenzangu, ndugu wageni waalikwa:

Nimepewa dakika kumi za kuaga, baada ya miaka tisa ya unahodha. Karatasi niliyoandikiwa na ofisi ninayo hapa. Ni nzuri, ina shukrani nyingi, na naomba radhi kwamba sitaisoma.

Kwa wasioujua mchezo wetu, ni hivi. Tunacheza wanne. Mmoja anasukuma jiwe la kilo ishirini lenye mpini, linateleza juu ya barafu kuelekea kwenye duara, na wawili wanatangulia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi ili lifike panapotakiwa. Wa nne anasimama kwenye duara akielekeza. Tulipoanza, watu walisema tunakwenda ng'ambo kushindania kufagia. Tukacheka nao, kisha tukarudi kwenye mazoezi, katika chumba cha baridi cha kiwanda cha barafu ninakofanya kazi, kabla ya zamu ya asubuhi, miguuni soksi mbili mbili. Sikuja kulalamikia kicheko hicho.

Nimekuja kusema habari za mwenzetu tunayemwita Dobi, kwa sababu anafua mashuka ya hospitali, na kwa sababu tangu turudi hakuna kiongozi hata mmoja aliyemtaja kwa wema.

Ulikuwa mchezo wa mwisho wa hatua ya kwanza, kule ng'ambo kwenye mashindano ya dunia. Tungeshinda, tungeingia robo fainali, sisi ambao hatuna hata uwanja wa barafu. Lilibaki jiwe moja, na aliyelisukuma ni mimi. Sijapata kusukuma jiwe zuri kama lile maishani mwangu. Lilitoka mkononi kama linalojua linakokwenda. Dobi na fundi cherehani wetu wakaingia kazini, migongo imeinama, brashi zinachapa barafu. Katikati ya njia Dobi akaacha kusugua. Akainua mkono, akaweka mguu mbele ya jiwe, akalisimamisha.

Brashi yake ilikuwa imeligusa. Sheria inasema jiwe likiguswa pale halihesabiwi, na anayetarajiwa kusema ni mchezaji mwenyewe. Mwamuzi hakuona. Wapinzani hawakuona. Hata fundi cherehani, aliyekuwa ubavuni mwake, hakuona.

Na mimi, nahodha wenu mnayemuaga leo kwa maua, nilifanya nini? Nilimfuata nikiwa nimewaka hasira, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekuona?"

Akanijibu, "Nimejiona."

Tukatolewa. Nahodha wa wapinzani alimshika mikono yote miwili. Mimi nilishindwa kumtazama usoni mpaka kesho yake, nilipomwomba radhi mezani wakati wa chai. Akanisogezea sukari. Akasema naye alikuwa amejikasirikia, lakini kwa kusugua vibaya, si kwa kusema.

Haya, tukarudi nyumbani. Kamati ikamwita, ikakaa naye kwa muda wa saa tatu. Nilikuwa nje kwenye benchi, mlango haukufungwa vizuri, nikasikia akiulizwa alikuwa upande wa nani. Nikasikia akiulizwa nani alimtuma. Redioni watu wakapiga simu kusema amenunuliwa. Mtu akatundika ufagio uliochakaa kwenye geti lake, na aliyeukuta ni mwanawe wa darasa la nne, akitoka kwenda shule. Halafu ikatoka taarifa ya kamati, kurasa kumi na mbili, na neno lililochaguliwa kwa ajili yake ni "uzembe". Uzembe wa nini, Ndugu Mwenyekiti? Wa kushindwa kudanganya?

Tazameni picha ile ukutani, nyuma ya Mheshimiwa Waziri. Timu ya wanne, na kwenye picha tuko watatu. Sasa tazameni bega la fundi cherehani. Vidole vile vinne ni vya nani? Aliyeikata picha aliusahau mkono.

Mheshimiwa Waziri, katika hotuba yako umelitaja neno uadilifu mara sita. Nilihesabu, si kwa kukosa adabu, bali kwa sababu kila ulipolitaja nilidhani sasa utamtaja na yeye. Tunawakataza watoto wetu kuibia mtihani, na wakiibia tunawafukuza shule. Kisha mtu mzima anafanya kile kile tunachohubiri, mbele ya macho ya dunia, na sisi tunamuuliza katumwa na nani? Kama tulichotaka ni mtu wa kuiba kwa niaba yetu na kunyamaza, basi tuseme waziwazi, ili sisi tunaolea tujue la kuwaambia watoto.

Ofisi imenitaka nimalize kwa kumtangaza nahodha mpya, na jina nimeandikiwa. Lakini katiba ya chama hiki inasema nahodha huchaguliwa na wachezaji. Jana mchana tulikutana kiwandani, fundi cherehani, dereva wa lori ambaye ndiye mwelekezaji wetu, na mimi. Kura tatu, zote kwa mtu mmoja. Yeye hakualikwa hapa. Ameingia kwa kadi ya mume wangu, na mume wangu yuko nje kwenye gari, hana kinyongo.

Dobi, mdogo wangu, simama. Usitazame chini. Pita katikati ya viti, njoo uchukue beji yako.

Na mtakaoona haya kumpigia makofi, msipige. Hakuwahi kuyafanyia kazi.

Nimemaliza. Nawashukuru mlionisikiliza, na ninyi mlionivumilia tu, nawashukuru pia.