Wapiga Mishale Sita

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi mmoja alikuwa akipanga kikosi kwenye simu, mchezo ule ambao ukishapanga askari wanapigana wenyewe. Fundi viatu wa mtaani kwetu, aliyeketi kando yake, akachungulia bila haya. "Mwanangu, wapiga mishale sita? Kipigo atapokea nani?"

"Shikamoo, baba. Watamaliza kazi kabla adui hajawafikia."

"Marahaba. Weka wenye ngao wawili mbele."

"Ninacheza na mama mkwe. Akishinda, anahamia kwetu mwezi mzima."

Mzee akatafakari. "Basi weka wanne."

Muuguzi akang'ang'ania sita wake. Pambano likaanza, treni ikasimama, akashuka macho yakiwa kwenye simu. Fundi akashuka naye, ingawa kibanda chake kiko vituo vitatu mbele.