Hewa Mbaya Yaenda Ujerumani

Benchi letu liko mbele ya bucha lililofungwa, pale barabara ya Cawderby, mji wetu mdogo wa makaa huku Uingereza, inapoteremka kuelekea kituo cha basi. Mgongoni lina kibao cha shaba: KWA KUMBUKUMBU YA EDNA HOLROYDE, ALIYEPENDA KUKAA HAPA. Uongo mtupu. Edna hakuwahi kukaa hapa hata siku moja. Alikuwa akipita na mkoba wake na kutuambia twende tukatafute kazi, tena mwaka uleule chimbo la makaa lilipofungwa. Jumamosi ninayoizungumzia ni ya mwaka tisini na moja. Alikuwepo Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Alikuwepo Tarumbeta, mkuu wa bendi ya matarumbeta ya wachimbaji, bendi iliyobaki hata baada ya wachimbaji wenyewe kwisha. Alikuwepo Birika, mwanamke pekee kijiweni, mwenye chupa ya chai na kwa hiyo mwenye serikali. Nilikuwepo mimi, ninayekaa upande wenye ubao uliovunjika. Na mwisho wa benchi, kofia imeshuka machoni, alikaa Spana, fundi mstaafu wa gereji ya mabasi. Siku hiyo Garth, mwanawe wa pekee, alikuwa anaondoka na bendi yake ya magitaa ya kunguruma kwenda kupiga Ujerumani, na gari lao lazima lipite hapa, maana Cawderby ina njia moja tu ya kutokea. Baba na mwana hawakuwa wamesemeshana tangu Pasaka, Spana alipomwambia kijana kwamba sauti ile asiitoe tena nyumbani kwake, na kijana akahamia kwa mpiga ngoma. Kwa hiyo wote tulikuwa tumewahi, na kila mtu akijifanya amewahi kwa ajili ya chai.

Redio: Mimi nauliza tu. Bendi inaitwaje Hewa Mbaya? Mtu mzima na akili zake anakaa chini anachagua jina hilo?

Tarumbeta: Jina limewafaa. Wakiingia ukumbini watu wanatoka.

Birika: Hata wewe ukiingia watu wanatoka, na gitaa huna.

Redio: Hebu piga picha huko Ujerumani. Mshereheshaji kasimama na suti yake, anatangaza, "Mabibi na mabwana, sasa tunawaletea Hewa Mbaya." Ukumbi mzima unageuka kutazamana. Kila mtu anamtilia shaka jirani yake.

Tulicheka. Redio alinyanyua paja moja kuonyesha jinsi Mjerumani atakavyofanya, tukacheka tena. Spana peke yake hakucheka. Alikuwa ametega sikio upande wa mlima.

Redio: Spana, na wewe ulikubali jina hilo liandikwe ubavuni mwa gari?

Spana: Gari si langu.

Birika: Mtoto je?

Spana: Nimiminie chai.

Birika akammiminia. Huwa hamnyimi mtu chai, anamnyima amani tu.

Tarumbeta: Kinachoniuma mimi ni pumzi. Yule mtoto nimemfundisha tarumbeta tangu ana pengo la meno. Ana kifua, wallahi. Angeweza kushika noti moja mpaka kasisi amalize mahubiri. Sasa kifua chote kile anakitumia kukoroma. Ndiyo maana wakasema debe tupu haliachi kuvuma.

Birika: Debe tupu limeitwa Ujerumani. Lililojaa limeitwa wapi?

Tarumbeta: Tuna tamasha la maboga mwezi wa kumi.

Birika: Hongera.

Redio: Tatizo lao ni nywele. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawa zao zimeshuka mpaka kiunoni, kichwani zitabaki vipi?

Birika: Na zako wewe?

Redio akaweka kofia yake vizuri, maana chini ya ile kofia pana uwanja wa mpira.

Redio: Zangu zilistaafu. Halafu mmeona wanavyotupa vichwa chini, juu, chini, juu? Wahenga walishajibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tarumbeta: Wanatafuta nini mvunguni?

Redio: Noti. Zinawadondoka.

Birika: Mimi msinifundishe habari zao, nilikuwepo siku ya kwanza pale kilabuni. Waliwekwa kati ya mchezo wa bingo na mlo wa pai. Wimbo wa kwanza, meno yangu ya bandia yakasogea. Wimbo wa pili, pu, fyuzi ikaungua. Giza. Kimya. Watu wakadhani ndio mwisho, wakapiga makofi kwa moyo wote.

Redio: Makofi ya kweli?

Birika: Cawderby haijawahi kupiga makofi kama yale, hata vita vilipokwisha. Watoto wa watu wakaamini wamependwa. Balaa lote lilianzia hapo.

Tarumbeta: Kumbe wa kulaumiwa ni fyuzi.

Spana: Spika zote waliziunga kwenye soketi moja. Lazima iungue.

Birika: Alaa. Kumbe ulikuwepo?

Spana: Nilikuwa nje. Nilikuwa napita.

Birika: Ulikuwa unapita nyuma ya kilabu, kwenye mapipa ya taka?

Spana akanywa chai. Tarumbeta akakohoa kumpa nafasi, na Redio, kama kawaida yake, akaichukua yeye.

Redio: Turudi kwenye kukoroma. Nimefanya uchunguzi. Kabla ya kupanda jukwaani anameza kijiko cha haradali.

Tarumbeta: Haradali haifanyi hivyo. Mke wangu anaimba kwaya na anaila.

Redio: Ndiyo maana nimekaa mbali na kwaya. Na maneno yenyewe, mnajua yanaimbwa kinyumenyume? Ukiyageuza inatoka orodha ya samaki wa duka la chipsi. Chewa, bei yake. Kibua, bei yake. Kuna mtu kaniambia.

Tarumbeta: Maneno hakuna mle. Ni mngurumo tu.

Spana: Maneno yapo.

Sote tukamgeukia.

Birika: Unayasikia?

Spana: Siyasikilizi. Akianza tu natoka nje, hata kama mvua inanyesha.

Birika: Makelele yanakushinda.

Spana: Makelele nimelala nayo na kuamka nayo, gereji nzima ya mabasi. Si makelele.

Birika: Basi ni nini?

Spana: Mkanda wa feni wa gari lao umelegea. Niliusikia jana wakipakia. Hautafika bandarini, achilia mbali Ujerumani.

Birika: Umewaambia?

Ndivyo alivyo Spana, ukimuuliza habari za moyo anakujibu habari za injini. Mtu mwenye sikio la kusikia mkanda mitaa miwili mbali anashindwa kumwambia mwanawe kaza mkanda. Nilitaka kumtukana, lakini chupa ilikuwa upande wake.

Redio: Sasa swali la msingi. Kwa nini Ujerumani? Mimi najua. Kanda yao ya kwanza waliituma Berlin kwa posta, mwaka themanini na tisa, mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja ukuta ukaanguka.

Tarumbeta: Acha kamba.

Redio: Nani alikuwa ameugusa? Umesimama miaka yote, majeshi yamekuja na kuondoka. Mtoto wa Spana anakoroma mara moja, matofali chini. Wajerumani si wajinga, wana kuta nyingine. Wanamwita akamalizie.

Birika: Kwa hiyo anakwenda kama fundi wa kubomoa.

Redio: Haba na haba hujaza kibaba.

Birika: Hiyo methali inaingiaje hapo?

Redio: Inaingia polepole.

Tarumbeta alikuwa ameshavimba. Kuna jambo lilikuwa linamkera tangu zamani, na sasa akalitapika.

Tarumbeta: Sikilizeni niwaambie ukweli. Hizo kanda ni zangu. Bendi yangu tulirekodi nyimbo za ibada, tukatengeneza kanda, zikabaki kwenye maboksi ukumbini kwa sababu watu wa mji huu hawana masikio. Wale watoto wakaniomba maboksi. Nikadhani wanataka kunisaidia kuuza. Kumbe wakaziba kwa utepe wa gundi vile vitundu vya juu vinavyozuia kanda kurekodiwa tena, wakarekodi mikoromo yao juu ya matarumbeta yangu.

Birika: Waliomba, ukawapa.

Tarumbeta: Lakini mikoromo yao haikutosha kujaza kanda. Ukifika mwisho, wao wanakatika, na sisi tunatokea. Wimbo wa maziko, ule tunaowapigia wachimbaji. Kwa hiyo Mjerumani anavumilia fujo yote kusudi afike kwangu. Anayeitwa Ujerumani kwa haki ni mimi.

Tulimcheka mpaka Birika akamwaga chai. Mimi mwenyewe nilimwambia apande juu ya gari pamoja na spika. Tulikuwa bado tunamcheka wakati basi la mjini liliposimama na kumshusha binti mmoja mrefu, nywele nyeupe kama pamba, begi mgongoni, koti jeusi limeshonewa viraka vyenye majina ya bendi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Akatusogelea.

Redio: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Binti: Shikamooni. Samahani wazee wangu, hapa ndipo Cawderby?

Birika: Ndipo, mwanangu. Pole.

Akasema anaitwa Marjukka, ametoka Oulu, Ufini, kwa meli na treni na basi. Kule kwao wana kikundi cha vijana wanaoandikiana barua na kupeana kanda, na kanda moja iliyotoka hapa imekopiwa mpaka inasikika kama inapigwa chini ya maji. Alikuwa amesikia bendi inaondoka leo, na alitaka kuiona ikiondoka kutoka mji wake.

Redio: Umevuka bahari kuja kuona gari likipita?

Marjukka: Ndiyo.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kuona jambo hilo tangu nimjue.

Marjukka: Kuna sehemu ya mwisho, matarumbeta yanapoingia. Kule kwetu tunazima taa tunapofika hapo. Wengine wanalia.

Tarumbeta akavua kofia.

Tarumbeta: Matarumbeta yenyewe yanakwendaje?

Binti akauimba polepole kwa mdomo uliofungwa. Ni ule wimbo wa maziko, sote tumesimama makaburini tukiusikiliza. Tarumbeta akamrekebisha noti moja, maana hawezi kujizuia, kisha akatazama pembeni na kujikuna jicho kwa muda mrefu.

Marjukka: Tumebishana sana kule kuhusu jina. Hewa Mbaya. Na kuhusu haya yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kanda. Ninyi ni wenyeji, nikasema nitawauliza.

Akatoa kanda mfukoni, akaifungua, akatusomea. Kiingereza chake kilikuwa kisafi kuliko chetu.

Marjukka: "Kwa Amos, aliyepumua hivi." Amos ni nani?

Redio alitazama viatu vyake. Birika alishika mfuniko wa chupa na kuanza kuufunga, akaufungua, akaufunga tena. Swali jepesi hivyo, na hapakuwa na mtu wa Cawderby mwenye umri wetu asiyejua jibu lake. Hewa mbaya ndivyo baba zetu walivyoiita ile hewa inayobaki shimoni baada ya mlipuko, inayowamaliza wale ambao moto umewaacha. Tumekaa asubuhi nzima tukiinua mapaja na kulicheka neno hilo, watoto wa wachimbaji wazima sisi. Amos Oddy alikuwa baba yake Spana. Walimtoa chimboni akiwa hai, wakamlaza chumba cha mbele, na kwa siku kadhaa mtaa mzima ukamsikia akivuta pumzi kwa mkoromo mzito uliopenya ukutani. Spana alikuwa mtoto, analala chumba cha juu yake. Mkoromo ulipokatika, naye aliusikia ukikatika. Hajawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Garth alihadithiwa na bibi yake, mjane wa Amos. Na sisi tulijua sauti ile inafanana na nini tangu tulipoisikia mara ya kwanza, tukaona ni heri kucheka.

Marjukka: Nimeuliza vibaya?

Birika: Hapana, mwanangu. Umeuliza vizuri.

Hapo juu mlimani kukasikika mlio mwembamba, kama nguruwe anayebanwa na mlango. Ulikuwa mkanda wa feni. Gari lilitokea kwenye kona, jeupe lenye kutu, HEWA MBAYA ubavuni kwa herufi zenye miiba, na Garth mwenyewe kwenye usukani, ametazama mbele moja kwa moja kama watu wanavyotazama wakijua wanatazamwa.

Spana aliweka kikombe chini. Alisimama kwa taabu, magoti yake hayo ya gereji, akashuka barabarani bila kutazama kushoto wala kulia, akasimama katikati na kuinua mkono. Gari likafunga breki karibu na tumbo lake. Mlio ukaendelea, kisha Garth akazima injini, na Cawderby yote ikanyamaza. Mlango ukafunguka. Hatukusikia walichosema. Tuliona tu Spana akionyesha boneti kwa kidole, na kijana, nywele zimemfunika uso, akiinama kuifungua.

Redio: Mtaka cha mvunguni.

Birika: Funga mdomo, Redio.

Akaigeuza chupa juu chini. Hakikudondoka kitu.

Marjukka: Samahani. Bado hamjaniambia. Amos ni nani?

Birika: Muulize yule aliyesimama barabarani. Lakini mwache kwanza amalize kukaza mkanda.