Mama Pasi na Furushi la Mashati

Ndugu wafiwa, mchungaji wetu, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, aliagiza akiwa na akili zake timamu kwamba historia yake isomwe na mkwe wake, mke wa mwanawe, wala si mtu mwingine, na kwamba nisiruke kitu, kwa hiyo mkisikia mambo mnayodhani ni ya kufichwa, mjue nimetumwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba iliyopakana na karakana ya useremala ya baba yake, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaishia hapo si kwa kukosa akili bali kwa sababu mama yake aliugua na nyumba ilihitaji mikono. Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akafua, akaanika na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa mpaka alipostaafu mwaka 2006, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba kazini hakuwahi kuunguza hata kitambaa cha pua.

Alifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1975 na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume tarehe 19 Novemba 1978, na dereva alipofariki kwa homa mwaka 1984, moyo wa mama ulihamia kwa kijana huyo mzima mzima. Alimwonea wivu mwalimu aliyemsifu, akamwonea wivu rafiki aliyemchekesha, na kijana alipoanza kwenda kwenye maombi ya vijana akawa anarudi amechangamka, alimwonea wivu hata Mungu, akamwuliza mwanawe huko kanisani kuna nini ambacho nyumbani hakipo. Msicheke sana, kila mmoja ana wake.

Tarehe 10 Septemba 2005 kijana alioa, yaani alinioa mimi, na asubuhi hiyo mama alikuwa akipiga pasi shati la bwana harusi huku akimsikia chumba cha pili akiimba kwa furaha ambayo haikutoka kwake, akaisahau pasi mgongoni mwa shati mpaka likaungua, ikabidi bwana harusi ashinde na koti juani akitiririka jasho. Mama alisema umeme ulizidi nguvu, nasi tukaafiki umeme ulizidi nguvu.

Tangu hapo kila Jumamosi mume wangu alimpelekea mama yake furushi la mashati, kwa kuwa mama alisema mimi sijui kunyoosha kola, na siku nilipothubutu kufua na kupiga pasi shati moja mwenyewe, alikuja, akalitoa kabatini, akalizamisha kwenye ndoo mbele ya wageni wangu, akaniambia kosa si langu, ila sikufundishwa. Jamani, nilimeza, lakini mwaka 2010 ulipofika nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu nirudi kwetu, na mama alijua, naye alikiri baadaye kwamba alifurahi.

Jumapili ya tarehe 6 Juni mwaka huo, mchungaji alihubiri kwamba sanamu si lazima iwe ya kuchongwa, akatutaka kila mmoja ajiulize anapoamka humkumbuka nani kabla ya Mungu, na Mama Pasi, pale benchi la mbele, akajibu kwa sauti kwamba yeye hukumbuka mashati ya mwanawe, watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni, mikono ameiweka nyuma, akamwambia mwanawe arudi na furushi lake kwa mkewe, akajifungia ndani akalia, akamwambia Mungu kwamba ameshamtoa huyo kijana ila mikono bado inamuwasha. Mimi nilifungua mizigo yangu. Wivu ulimrudia mara nyingi, akija kwetu macho yalikwenda moja kwa moja kwenye kola, kisha aliweka mikono nyuma na kwenda jikoni kuomba.

Mwezi Februari mwaka jana alianza kuugua moyo, tukamleta kwetu, nikawa namfulia mashuka yake, na siku moja alinitazama nikipiga pasi shuka mpaka mwisho, akasema tu kwamba limenyooka. Alifariki tarehe 21 Mei mwaka huu alfajiri, ameacha mwana mmoja, wajukuu wawili, na mimi, aliyeniita binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na wenzake wa chumba cha kufulia walioleta shuka la kumfunika.

Shati alilovaa mwanawe leo amelifua na kulipiga pasi mwenyewe, kola imepinda, kila mtu anaiona, na asubuhi mkono wangu ulikuwa umeshaifikia pasi ili nimrekebishie, nikakukumbuka, Mama, nikauweka nyuma.

Lala salama, upumzike katika amani ya Yule uliyemrudishia nafasi yake.