Ulimi Uliomstaafisha Bi Zubaida

Miaka ishirini na miwili ya moshi, nazi na pweza inafikia tamati Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 2025, Bi Zubaida Abdurremane, mwanzilishi wa mikahawa ya Jiko la Zubaida, atakapovua aproni yake pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ametuahidi kustaafu mara tatu kabla ya hii. Safari hii tuna ushahidi.

Alianza na benchi moja karibu na soko, akiuza wali na pweza wa nazi. Wavuvi ndio waliompenda kwanza. Kazi za gesi zilipokuja, mhandisi na mbeba mizigo walikaa benchi moja, wakala sahani ileile. Nazi ilikunwa asubuhi hiyohiyo. Tui la kopo halijawahi kuvuka mlango wake, na aliyejaribu kuliingiza anajijua.

Mwaka 2021, vita vilipowatawanya watu wa Palma, Bi Zubaida alifika Quitunda, kijiji walikokimbilia wengi, na sufuria moja. Hakungoja kupata jiko. Aliiinjika juu ya mafiga, akaanza kulisha watu, na hapo ndipo alipompata Domingas, mama wa Kimakonde kutoka nyanda za juu, aliyekuja kumsaidia kukuna nazi.

Ikaja Ramadhani. Bi Zubaida akifunga haonji chakula hata kwa ncha ya ulimi. Domingas ni Mkristo, basi kazi ya kuonja ikawa yake, nyuma ya mlango, kwa heshima ya waliofunga. Siku ya kwanza aliona haya kumwambia tajiri wake kwamba chumvi haitoshi. Quitunda ikafuturu kwa pweza asiyekolea chumvi. Wateja walimaliza kwa adabu, hakuna aliyeomba nyongeza. Bi Zubaida alipoonja alicheka sana.

"Mwanangu," akamwambia, "ulimi wako usinionee haya."

Tangu hapo ikawa sheria: anayetaka kufungua tawi kwa jina la Zubaida, hata awe na mtaji wa kujaza gari, kwanza akae naye jikoni Ramadhani nzima. Wenye haraka walikwenda zao. Bi Zubaida aliporudi Palma, Domingas alipewa tawi la Quitunda, nami nikapewa la Mute. Mwenyewe hutukagua kwa siri, kajitanda ushungi, kapakiwa kwenye pikipiki. Tatizo ni kwamba husalimia kila mtu tangu barabara kuu, kwa hiyo tunajua anakuja kabla hajafika.

Lakini magoti yalianza kumuuma, na wanawe wakamsihi apumzike. Hakutaka. Alihofu kwamba siku akiondoka, ladha nayo itaondoka, na watu watalishwa kitu kingine kwa jina lake. Akasema atastaafu siku atakaposhindwa kulitambua pishi lake mwenyewe. Mara tatu tuliandaa sahani za matawi yote matatu, na mara tatu aliinyooshea kidole yake bila hata kurudia kuonja. Tulirudi makwetu tumenywea.

Baada ya Idi mwaka huu tukajaribu tena. Akaonja ya kwanza, akaonja ya pili, akaonja ya tatu, akarudi kwenye ya pili.

"Hii ndiyo yangu. Pronto, imekwisha!"

Ilikuwa ya Domingas.

Bi Zubaida alituangalia mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko mpaka ushungi ukamdondoka. Domingas ndiye aliyelia. "Kapumzike sasa, mama," akasema, na kwa mara ya kwanza mama hakubisha.

Bi Zubaida, tunakushukuru kwa jina ulilotuazima na kwa jicho lako kali. Tunakuombea afya, magoti yasiyolalamika, na asubuhi za kulala hadi jua lichomoze vizuri baada ya sala. Ramadhani ijayo usiwashe moto. Futari yako italetwa nyumbani, ikiwa moto, na Domingas atakuwa ameshaionja. Hakuonei haya tena.

Nazira, kwa niaba ya wafanyakazi wote
Tawi la Mute