Soseji Tuliyokwisha Kula

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Wanyamapori, Mwenyekiti wetu, Bwana Orville Stenslien, akina mama mliokuja na sahani zenu, wawindaji wenzetu:

MAKARIBISHO
Sisi wawindaji wa Bonde la Otter Hollow, hapa Wisconsin, tunakukaribisha kwa heshima zote. Tunajua umekuja kutueleza habari za wadunguaji wa idara yako watakaowamaliza kulungu wa bonde hili kabla theluji haijayeyuka. Utuwie radhi tukionekana wakavu. Tunaogopa.

HISTORIA
Chama chetu kina miaka hamsini na miwili. Kila Novemba, juma la kwanza la msimu wa kuwinda kwa bunduki, kila mmoja huleta mabaki ya nyama ya kulungu wake kwenye banda la Orville. Yote humwagwa katika beseni moja, yakasagwa pamoja na kutiwa kitunguu saumu na pilipili manga, zikatoka soseji za kugawana nyumba kwa nyumba. Aliyekosa kulungu hula sawa na aliyepata. Kuomba nyama yako isichanganywe na za wenzako ni kumtukana jirani.

MAFANIKIO
Tangu ugonjwa wa kukonda, unaokula ubongo wa kulungu hadi afe, uingie wilaya jirani, tumepeleka vichwa mia tatu na kumi vipimwe, bila kusukumwa na mtu. Tulijivunia sana.

CHANGAMOTO
Novemba iliyopita mwenzetu Delbert Wojcik alipiga dume lenye pembe za matawi kumi, limenona, manyoya yanang'aa. Kichwa akakipeleka maabara, nyama akaileta bandani. Tulijua tunatakiwa kusubiri majibu. Hatukusubiri, kwa kuwa dume lenyewe halikuonekana mgonjwa hata kidogo.

Majibu yakaja kwamba lilikuwa na ugonjwa huo. Delbert alikaa na barua ile siku tisa. Alipoileta kikaoni, Orville alimjia juu.

"Siku tisa, Del! Ulikuwa unangoja nini, bwana?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Wewe unatafuta, sisi huku tunatafuna!"

Watu wakacheka. Kisha wakatazamana, kicheko kikakatika.

Tuliokula ni sitini na mmoja. Miongoni mwetu yumo Junie, mjukuu wa Delbert, mwenye miaka sita, aliyekula vipande vitatu. Alisikia wakubwa wakinong'ona, akamfuata babu yake jikoni.

"Babu, na mimi nitakonda?"

"Wewe? Mlafi kama wewe? Hebu nitokee hapa!"

Mtoto akatoka anacheka. Delbert akajifungia bafuni, akafungulia maji ili asisikike.

Tumeambiwa hakuna binadamu anayejulikana kuupata ugonjwa huu. Mgeni rasmi, neno hilo "anayejulikana" ndilo linalotutoa jasho. Tumeambiwa pia kwamba haufi kwa moto wa jikoni, na kwamba kulungu anaweza kukaa nao muda mrefu akiwa mzima wa kutazama. Basi sisi tunaojiona wazima tujitazameje?

MAOMBI
Kuhusu kulungu wa bonde hili, mwezi Januari tulikuandikia kupinga mpango wa kuwamaliza. Leo nusu yetu wanataka kulungu wamalizwe wote, na nusu wanaogopa kubaki na msitu mtupu. Tumekubaliana jambo moja tu: kazi hiyo tupewe sisi, na kila mnyama apimwe. Wasipigwe kwenye chambo na kufukiwa shimoni kama takataka.

Tunaomba pia daktari wa kutufuatilia sisi sitini na mmoja, kwa miaka yote itakayohitajika, hata kama kila mara atakuja kusema tu kwamba hakuna jipya.

Ombi la mwisho halikupitishwa na kikao. Limeongezwa kwa kalamu asubuhi hii. Junie yuko nje na watoto wenzake wanacheza kwenye theluji, na tukimaliza ataingia kukuletea kahawa. Ni mdadisi, atakuuliza lile alilomuuliza babu yake. Tunaomba umjibu ukweli unaoujua, na usioujua umwambie hujui. Mimi ninayekusomea risala hii ndiye Delbert, na mimi sikuweza.

Mungu akulinde njiani, maana barabara zina barafu, na awalinde wote waliokula mezani petu.

Ni sisi,
Wawindaji wa Bonde la Otter Hollow